Sheikh Kaluta Amri Abedi na Malezi ya Mbashiri

Msomaji mpendwa, huenda wewe ni miongoni mwa wale waliojiunga na Jumuiya karibuni, au bado umesimama mlangoni ukiuliza na kupima. Huenda pia makao yako ni Chamwino, Buigiri, Mvumi au Haneti, katika uwanda wa kati wa Tanzania, ambako mvua ni chache na mtu huujua mwaka wake kwa kutazama ghala la mtama na uwele. Popote ulipo, bila shaka limekwisha kukujia swali ambalo huwajia watu wengi wanaochunguza dini. Mwalimu huja kutoka nchi ya mbali. Lugha yake si lugha yako, chakula chake si chakula chako, na siku moja ataitwa arudi kwao. Je, akiisha kuondoka, neno alilolileta litabaki mikononi mwa nani?

Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa maneno matupu. Jibu lake hupatikana katika maisha ya watu. Kwa hiyo tunakuomba ufuatane nasi katika maisha ya mtu mmoja aliyejulikana katika Tanganyika nzima, naye ni Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mungu amrehemu. Wengi humkumbuka kuwa mshairi, na wengine humkumbuka kuwa waziri. Sisi hapa tutamtazama khasa kama kijana aliyelelewa na mbashiri mgeni mpaka akawa mbashiri yeye mwenyewe, kwa kuwa ndani ya malezi hayo ndimo lilimo jibu la swali lako.

Njia ya Ujiji

Sheikh Amri alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1924. Ujiji ulikuwa mwisho wa ile njia ndefu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, nayo ilipita katika nchi ya Ugogo. Wapagazi waliokuwa wakitoka pwani walivuka mbuga isiyo na maji iliyoitwa Marenga Mkali, kisha wakaingia Mvumi, na huko ndiko walikoanza kulipa hongo kwa watemi wa Kigogo ili waruhusiwe kupita na kuteka maji. Basi wewe uliyeko Chamwino ujue ya kuwa ardhi unayoikanyaga ilikuwa sehemu ya njia ileile iliyokipeleka Kiswahili mpaka Ujiji, na pamoja na Kiswahili habari za Uislamu.

Baadaye reli ilichukua kazi ya njia hiyo. Ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Hivyo Amri alipozaliwa, mji wake ulikuwa umekwisha unganishwa na pwani kwa chuma. Ujiji ulikuwa mji wa watu wa makabila mengi, na wengi miongoni mwao walikuwa na asili ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Kilichowaunganisha kilikuwa ni Kiswahili. Mtoto aliyekulia mahali kama hapo hujifunza mapema kwamba lugha ni daraja la watu wasiofanana, wala si mali ya kabila moja.

Kutoka Ujiji kijana Amri alipelekwa Tabora kusoma katika shule ya sekondari ya Serikali. Wakati huo shule hiyo ilikuwa ndiyo tegemeo la vijana wa Tanganyika waliotaka elimu ya juu, na Julius Nyerere naye aliingia hapo mwaka 1937. Kijana aliyepata nafasi katika shule hiyo alikuwa na njia nyeupe mbele yake, yaani ukarani, ualimu au kazi yoyote ya Serikali yenye mshahara wa kila mwezi. Tafadhali likumbuke jambo hili, maana bila hilo hutaweza kupima thamani ya kile alichokuja kukiacha.

Mgeni wa Tabora

Habari za Jumuiya ya Ahmadiyya zilifika Afrika ya Mashariki mapema sana. Jumuiya ilianzishwa na Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad a.s. wa Qadian, Punjab, mwaka 1889. Mwaka 1896, reli ya Uganda ilipokuwa ikianza kujengwa, baadhi ya wafuasi wake walifika Mombasa miongoni mwa watu waliotoka Bara Hindi kufanya kazi. Lakini hao walikuja kwa ajili ya kazi za mikono na za tiba, na mahubiri yao yalikuwa ya mtu na jirani yake. Mbashiri aliyetumwa rasmi kwa kazi ya kuhubiri alikuja baadaye, naye ni Sheikh Mubarak Ahmad, aliyefika mwaka 1934 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu.

Fikiri hali yake, ewe msomaji. Alikabidhiwa nchi ambazo mtu akizisafiri kwa gari moshi na kwa miguu humaliza miezi. Hakukijua Kiswahili. Wenyeji walimwona kuwa ni Mhindi mmoja zaidi, na Mhindi katika siku zile alifahamika kama mtu wa duka. Masheikh wa mahali pengi walimpinga, na Tabora, alikofanya kituo chake kikubwa, palikuwa na upinzani mkali. Pamoja na hayo, mwaka 1936 alikwisha anzisha gazeti la Kiswahili, Mapenzi ya Mungu, na katika miaka hiyohiyo akaanza kazi ya kuitafsiri Kurani Tukufu kwa Kiswahili.

Mtu mwenye kazi kama hiyo hushawishika kufanya kila kitu mwenyewe. Huona kwamba kumfundisha mwingine ni kupoteza wakati, kwani kazi ambayo yeye huimaliza kwa saa moja, mwanafunzi huimaliza kwa siku nzima, tena kwa makosa. Hilo ndilo jaribu la kwanza la kila mbashiri aliye ugenini. Anayeshindwa na jaribu hilo huonekana hodari katika uhai wake, lakini akiondoka hufuatwa na kazi yake. Sheikh Mubarak hakushindwa nalo. Alitafuta vijana wa nchi, na miongoni mwa aliowapata Tabora alikuwamo Amri wa Ujiji. Kijana huyo aliupokea ujumbe, na katika miaka ya 1940 akayatoa maisha yake wakfu kwa ajili ya kazi ya dini.

Neno wakfu unalijua, maana msikiti huwekwa wakfu, na shamba pia huwekwa wakfu. Mtu anapojiweka wakfu maana yake ni kwamba hajipangii tena mahali pa kuishi wala kipato atakachokipata. Akiambiwa aende kusini huenda kusini, na akipewa posho ndogo hutosheka nayo. Kwa kijana aliyetoka katika shule ya Tabora, ambaye wenzake walikuwa wakivaa suti na kushika kalamu za Serikali, huko kulikuwa kujinyima kwa kweli.

Siku ya Mbashiri

Pengine unauliza, mbashiri mwanafunzi hufundishwa nini hasa? Wengi hudhani kwamba hufundishwa kubishana. Hilo ni fungu dogo tu. Katika nyumba ya mbashiri siku huanza kabla ya alfajiri, kwa sala ya usiku ambayo mtu huisali peke yake. Hufuata sala ya alfajiri pamoja na jamaa, kisha darasa la Kurani, hata kama wasikilizaji ni watatu. Baada ya hapo huja kazi ambazo hazina sifa. Barua za waulizaji hujibiwa, hesabu za vitabu vilivyouzwa na michango iliyopokelewa huandikwa, na taarifa ya kazi huandaliwa kupelekwa makao makuu. Mchana ni wa kutembea. Mgonjwa hutazamwa, mfiwa hufarijiwa, muulizaji hufuatwa kwake, na vitabu huchukuliwa mkononi mpaka sokoni na stesheni. Jioni watoto hufundishwa kusoma, na baada ya magharibi watu wazima huleta maswali yao.

Mwanafunzi aishiye na mwalimu wake katika utaratibu huu hujifunza mambo yasiyoandikwa katika kitabu chochote. Humwona mwalimu akitukanwa njiani naye akijibu kwa salamu. Humwona akikaa na fedha za Jumuiya mkononi huku jikoni kwake hamna sukari. Humwona amechoka, na hata hivyo akiinuka kusali. Ikiwa mwalimu husema jambo moja msikitini na kutenda jingine nyumbani, mwanafunzi ndiye wa kwanza kujua. Kwa sababu hiyo kumlea mwenzako ni kujiweka mwenyewe katika mtihani wa kila siku, na wengi hulikwepa jambo hili kwa hofu ya kuonekana walivyo.

Mfano wa malezi haya ni wa zamani. Kabla ya Hijra, watu wachache wa Yathrib walipomwamini Mtume Muhammad s.a.w., yeye hakwenda kwao mara moja. Alimtuma kijana, Mus'ab bin Umair r.a., aliyekuwa amelelewa katika utajiri wa Makka na kuuacha wote kwa ajili ya imani. Mus'ab alifikia nyumbani kwa As'ad bin Zurara r.a., mwenyeji wa mji, na wawili hao wakawa wakitembea pamoja. Mgeni alikuwa na elimu ya Kurani, na mwenyeji alikuwa na elimu ya watu wa Yathrib, yaani alijua ni nani mwenye sauti katika ukoo gani na ni nani mwenye hasira ya haraka. Kwa ushirikiano huo wakubwa wa makabila, kama Usaid bin Hudhair na Sa'd bin Muadh, Mungu awawie radhi, waliingia katika Uislamu, na Mtume s.a.w. alipofika mwaka 622 aliukuta mji umekwisha tayarishwa.

Mwalimu Akiwa Mwanafunzi

Sasa tazama jinsi mambo yalivyokuwa kati ya Sheikh Mubarak na Sheikh Amri. Mmoja alikuja na Kiarabu, Kiurdu na elimu ya dini aliyoipata Qadian. Wa pili alikuwa na Kiswahili kilichotoka katika ziwa la mama yake. Ilipofika kazi ya kuitengeneza tafsiri ya Kurani, haikuwezekana mmoja awe mwalimu siku zote na mwingine awe mwanafunzi siku zote.

Huenda wewe hukupata kufikiri jinsi kazi hiyo ilivyo nzito. Kiarabu kina majina mawili ya Mwenyezi Mungu, Rahman na Rahim, yaliyotoka katika shina moja la maneno. Kiswahili nacho kimelichukua neno rehema kutoka katika shina hilohilo. Mfasiri akilitumia neno hilo mara mbili, tofauti ya majina yale hupotea, na akitafuta neno jingine, lazima ajue litasikikaje katika sikio la bibi kizee wa Ujiji na la mvuvi wa Unguja. Tena mgeni wa Kiswahili hukwazwa na ngeli. Neno likiwa la ngeli moja, sentensi nzima humfuata, na kosa dogo huweza kumfanya msomaji acheke mahali anapopaswa kutetemeka. Hapo kamusi haitoshi. Anahitajika mwana wa lugha, aliye mwaminifu vya kutosha kumwambia mwalimu wake kwamba neno hili si sawa.

Na mwalimu naye anahitaji unyenyekevu wa kulikubali hilo. Mbashiri asiyeweza kusahihishwa na mtu anayemlea atalea vibaraka tu, wala hatapata wabashiri. Mwalimu aliye tayari kusahihishwa humpa mwanafunzi wake kitu kikubwa kuliko masomo, yaani humpa hakika kwamba kazi hii ni yake pia.

Tafsiri hiyo, yenye maandishi ya Kiarabu, Kiswahili chake na maelezo, ilichapishwa Nairobi mwaka 1953. Kabla yake Waislamu wa Afrika ya Mashariki waliokuwa hawajui Kiarabu walikuwa na tafsiri moja tu iliyokamilika na kuchapishwa, nayo ilitolewa mwaka 1923 na padre wa Kianglikana, Godfrey Dale wa Unguja. Fikiri jambo hilo: Mwislamu aliyetaka kuisoma Kurani katika lugha yake alilazimika kukisoma kitabu kilichotengenezwa na mtu asiyeiamini. Tafsiri ya mwaka 1953 nayo haikupokewa na wote. Masheikh wengi waliipinga vikali kwa sababu ya itikadi zetu, na mwaka 1969 Sheikh Abdulla Saleh Farsy akatoa tafsiri yake kamili. Hatukufichi habari hizi, kwani mtafutaji wa kweli ana haki ya kuzijua. Lakini hata mpinzani hukubali kwamba baada ya hapo haikuwezekana tena kumwambia Mswahili kwamba Kurani haifai kusomwa kwa Kiswahili.

Zamu ya Kuwa Mgeni

Malezi ya Sheikh Amri hayakuishia Tabora. Katikati ya miaka ya 1950 alipelekwa Rabwah, Pakistan, kuongeza elimu ya dini. Mji huo ulikuwa mchanga. Baada ya Bara Hindi kugawanywa mwaka 1947, Wanajumuiya wengi walilazimika kuiacha Qadian, na mwaka 1948 wakaanza kujenga makao mapya karibu na mto Chenab, mahali penye chumvi, vumbi na joto kali, ambapo wakulima walikuwa wamepakatia tamaa. Mtu wa Ugogo akipelekwa huko hangeshangaa sana. Angelitambua jua lile, na angeijua furaha ya kisima kinachotoa maji matamu.

Sasa yule kijana aliyekuwa mwenyeji akimwongoza mgeni, alikuwa mgeni yeye mwenyewe. Chakula kilikuwa kigeni, baridi ya kipusa ya Punjab ilikuwa ngeni, na lugha ya sokoni ilikuwa Kipunjabi na Kiurdu. Alijifunza kwa mwili wake yale ambayo Sheikh Mubarak aliyapata alipofika Afrika mwaka 1934. Tunaamini kwamba mbashiri ambaye hakupata kuwa mgeni hata siku moja hawezi kumhurumia muulizaji anayekosea maneno ya sala. Kurani Tukufu inafundisha kwamba haifai waamini wote watoke kwa pamoja, bali kutoka katika kila kundi litoke fungu la watu wakajifunze dini kwa undani, kisha warudi kuwaonya watu wao. Sheikh Amri alikwenda kwa ajili ya kurudi, na alirudi.

Mizani na Vina

Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kwa nini mbashiri aandike sheria za mashairi? Sababu ni kwamba katika nchi yetu shairi halikuwa pambo. Watu waliulizana, walijibizana, walionyana na hata walisutana kwa mashairi katika magazeti. Lakini sheria zake zilikuwa vifuani mwa malenga, na kijana asiyekaa karibu na malenga hakuwa na njia ya kujifunza. Sheikh Amri alizitoa vifuani akazitia katika kitabu: shairi la kawaida huwa na mishororo minne katika kila ubeti, kila mshororo huwa na mizani kumi na sita iliyogawanyika nane kwa nane, na vina hulingana katikati na mwishoni.

Ukitazama vizuri utaona kwamba kazi hiyo ni ileile ya malezi. Aliyefundishwa alifundisha wengine, na alifundisha kwa utaratibu ambao mtu yeyote angeweza kuufuata bila kumtegemea yeye. Wala faida yake haikubaki kwa Waislamu peke yao. Jirani yenu, Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa Ihumwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, alikuwa Mkristo Mkatoliki, naye alikuwa miongoni mwa washairi wakubwa wa zama hizo na kiongozi katika chama cha washairi, UKUTA, ambacho Sheikh Amri naye alikitumikia. Mmoja alitunga tenzi za Injili na Zaburi, na mwingine alishiriki kuifasiri Kurani. Tofauti zao za imani zilikuwa kubwa na za wazi, lakini zilikaa pamoja na heshima. Wewe uliyeko Chamwino, ambako mara nyingi Mwislamu na Mkristo ni watoto wa nyumba moja, huna haja ya kufundishwa thamani ya jambo hili.

Mtihani wa Cheo

Kisha ukaja mtihani mwingine. Nchi ilikuwa inakaribia uhuru, na watu wenye elimu na uaminifu walikuwa wakitafutwa. Mwaka 1960 Sheikh Amri alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Baada ya uhuru, mwaka 1963, alikuwa Waziri wa Sheria, na baadaye akashika wizara iliyohusika na utamaduni wa taifa. Katika nyadhifa hizo aliendelea kuwa mtetezi wa Kiswahili.

Yapo masikitiko ya namna mbili ambayo mtu aweza kuyatoa hapa. Mmoja atasema kwamba dini ilipoteza mbashiri. Mwingine atasema kwamba huyu alikuwa amejificha katika dini akingoja cheo. Wa pili hajapima miaka. Alipoyatoa maisha yake wakfu hapakuwa na Mwafrika yeyote aliyetazamia umeya wala uwaziri, kwani nchi ilikuwa chini ya Waingereza na chama cha TANU hakikuwapo mpaka mwaka 1954. Ama huyo wa kwanza, tunamjibu hivi: watu waliendelea kumwita Sheikh, nayo imani yake ilijulikana na wote, katika mji ambao Wanajumuiya walikuwa wachache na wapinzani wao walikuwa wengi. Mtu anayelificha jambo ili apate kura angeanza na hilo. Nidhamu ya hesabu, ya kutunza mali ya wengine na ya kumsikiliza mtu mdogo, aliyofundishwa mbashiri katika nyumba yenye posho ndogo, haiharibiki anapoketi katika kiti cha ofisi. Huko ndiko hujulikana kama ilikuwa ya kweli.

Kifo cha Mapema

Mwenyezi Mungu hakumpa umri mrefu. Sheikh Amri alifariki tarehe 9 Oktoba 1964 nchini Ujerumani, akiwa na miaka 40 tu. Mjini Arusha kiwanja kikubwa cha michezo kimepewa jina lake, na vijana wengi wanaoingia humo kutazama mpira hawajui kwamba mwenye jina hilo alitumia ujana wake katika sala za usiku na katika kupima maneno ya Kurani.

Tazama mpango wa Mungu ulivyo mbali na hesabu zetu. Mwalimu alimzidi mwanafunzi karibu miaka kumi na mitano, na kwa kawaida mwanafunzi ndiye humzika mwalimu. Hapa mwanafunzi alitangulia. Sheikh Mubarak Ahmad aliishi miaka 37 zaidi, akatumikia Uingereza na Marekani, na akafariki mwaka 2001. Je, malezi yake yalikuwa ya bure? Kama kazi ingekuwa imewekwa katika kichwa cha mtu mmoja tu, tungesema ndiyo. Lakini tafsiri ilikuwa imekwisha chapishwa, sheria za mashairi zilikuwa zimekwisha andikwa, na vijana wengine walikuwa wamekwisha kuona kwamba mwana wa Ujiji anaweza kusimama mbele ya watu na kuifundisha dini hii kwa lugha yake, bila kuazima ulimi wa mgeni.

Wewe Sasa

Sasa turudi kwenye swali la kwanza, la nani atalishika neno mgeni akiondoka. Leo mbashiri akifika Chamwino na Kiswahili safi, bado ni mgeni. Wazee wengi watamwitikia kwa adabu, kisha watageukiana na kusema Kigogo. Katika Kigogo ndimo mna mashaka yao ya kweli, mna misiba yao na hofu zao za mwaka wa njaa. Mbashiri hawezi kuingia humo peke yake. Anamhitaji As'ad bin Zurara wa Chamwino, kama vile Sheikh Mubarak alivyomhitaji Amri wa Ujiji. Naye huyo mwenyeji hahitaji kuwa mtu mkubwa. Amri alipopatikana alikuwa kijana wa shule.

Kama wewe ni muulizaji, usiwe na haraka. Soma, uliza, na uwaulize pia wanaotupinga. Mwombe Mwenyezi Mungu usiku akuonyeshe haki, kisha uwatazame walimu wako wanavyoishi. Na kama umekwisha kujiunga, usiridhike kuwa msikilizaji wa siku zote. Jifunze kusoma Kurani sawasawa, kisha mfundishe mtoto mmoja wa jirani. Andika hesabu ya mchango wa tawi lako hata kama ni shilingi chache. Ongozana na mbashiri anapokwenda Ikowa au Mvumi, umbebee vitabu, umweleze desturi za wenyeji, na akikosea neno mwambie kwa heshima. Atakufundisha nawe utamfundisha, na kwa njia hiyo neno litakuwa na mwenyewe hapo ulipo, hata siku atakapoitwa kwenda kwingine.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi, amlipe mema yeye na mwalimu wake, na atujalie katika kila kijiji watu wa kuichukua kazi yao. Amin.